Sura ya Nne: Gharama ya Kivuli

Katika miji yote ya bara la Australia ambayo watu wetu wa Afrika Mashariki wamekwenda kukaa, hakuna hata mmoja, kwa rai yangu, umtiao mhamiaji katika mtihani wa kuchagua maskani kama Adelaide, makao makuu ya jimbo la Australia Kusini. Kwani mji huu umetandazwa juu ya uwanda mwembamba uliobanwa baina ya ghuba upande wa magharibi na safu ya vilima vya Mount Lofty upande wa mashariki, na mtu asimamaye katikati ya mji, akiinua macho, huviona vilima vile vimejifunika miti tangu vileleni hata mabondeni, na nyumba zikichungulia humo moja moja. Naye, ikiwa ametoka Tanga au Mombasa na amekwisha kuonja joto kavu la uwandani la mwezi wa Januari, hujiambia papo hapo kwamba riziki ikimruhusu, huko ndiko atakakokwenda kuishi na watoto wake.

Tamaa hii haikuzuliwa na wahamiaji wa leo. Waingereza wa kwanza, ambao mji wao ulipimwa na Kanali William Light katika miaka ya 1836 na 1837 (naye, kwa wapendao nasaba, alizaliwa Kedah katika pwani ya Malaya kwa mama wa damu mseto, hata Bahari ya Hindi ikawa na fungu lake katika mji ule), hawakukawia kuukimbia uwanda kila kiangazi kilipoingia. Gavana alijengewa nyumba ya kiangazi Belair mnamo mwaka 1859. Miaka ishirini baadaye akajengewa nyingine yenye adhama zaidi, Marble Hill. Na reli ilipofika Aldgate mwaka 1883, matajiri wa mjini nao wakapanda kwa makundi, wakajenga majumba ya mawe Stirling na Crafers, na wakaotesha miti ya kwao Uingereza, ile ipukutishayo majani, ambayo mpaka hivi leo hugeuka rangi ya dhahabu na damu kila mwezi wa Aprili na Mei ikawavuta watazamaji kutoka mjini. Wajerumani walifanya vivyo hivyo kwetu walipoupanda mlima wa Usambara na kuanzisha Wilhelmstal, ambayo sisi twaiita Lushoto. Mwenye uwezo, popote alipo, hutafuta baridi. Na mitaa iliyojengwa kwa ajili ya mwenye uwezo, hata ikipangishwa baadaye kwa mtu wa kawaida, huendelea kumdhania kila akaaye humo kuwa ana farasi, ana gari, na ana mtumishi wa kumtuma dukani.

Natuchukulie nyumba moja ya kubuni, ili mazungumzo yetu yasiwe matupu. Mke ni muuguzi, na ndiye aliyepata viza: ile ya ustadi inayoitwa 491, iliyoanza kutolewa Novemba 2019, ambayo ni ya miaka mitano, na ambayo humtaka mwenye nayo aishi na kufanya kazi nje ya miji mikubwa kabisa ya nchi, ndipo baada ya miaka mitatu aweze kuomba ukaazi wa kudumu, na kwa bahati njema Adelaide nzima, pamoja na ukubwa wake, imehesabiwa kuwa miongoni mwa maeneo hayo. Mume alikuwa mwalimu wa sekondari, na cheti chake bado kinangoja kutambuliwa. Watoto ni wawili, msichana wa miaka kumi na mitatu na mvulana wa miaka minane. Mama mzaa mume yuko Tanga, na hutarajiwa kuja kuwatazama wajukuu. Mke ameahidiwa kazi katika hospitali ya Flinders Medical Centre, iliyoko Bedford Park, chini kabisa ya mteremko. Na katika kutazama ramani wamegundua kwamba juu ya hospitali hiyo, kwa mwendo wa robo saa tu kwa gari, uko mtaa wa Blackwood, wenye miti, wenye shule, na wenye kituo cha gari la moshi. Wanauliza: tupande?

Sitawaficha fadhila za mahali pale, kwani ni nyingi na ni za kweli. Hewa ya vilimani ni baridi kwa nyuzi kadhaa kuliko ya uwandani, na usiku wa kiangazi, ambapo wenzao wa chini hugaagaa kitandani, watu wa juu hujifunika shuka. Mvua nayo huzidi kadiri mtu apandavyo, hata Stirling, iliyo ndani zaidi ya safu, hupata takriban maradufu ya ile ya mjini. Jirani na Blackwood iko hifadhi ya taifa ya Belair, iliyotengwa mwaka 1891 ikiwa miongoni mwa hifadhi za mwanzo kabisa duniani, na mtoto aweza kutoka shule akaingia msituni kwa miguu yake. Wanyama hawaogopi watu. Koala hulala katika panda ya mti juu ya uwanja wa nyumba. Na yeyote aliyedanganywa na picha zake za upole atastaajabu usiku wa majira ya kuchipua, dume litakapoanza kukoroma kwa sauti ambayo mgeni huidhania kuwa ni ya nguruwe mkubwa mwenye ghadhabu. Posamu, mnyama mdogo wa usiku mwenye mkia wa manyoya, huingia darini akafanya maskani, wala mwenye nyumba hana ruhusa ya kumwua, kwa kuwa sheria inamlinda. Hata kumtega kwahitaji kibali. Haya ni mambo ya kuchekesha, na familia yenye moyo mkunjufu huyazoea.

Lakini mtaa hupimwa kwa siku ya kazi, na kwa yule aliye mnyonge zaidi wa nyendo katika nyumba. Na hapa ndipo wengi wa watu wetu wanapokosea hesabu, maana hupima kwa siku ya Jumapili na kwa yule mwenye gari. Mke huyu wa mfano wetu ataamka gizani, atashuka kwa barabara ya Shepherds Hill, atafika zamuni kabla ya saa moja, na jioni atapanda tena akiwa amechoka, kivuli kimpokee. Kwake yeye Blackwood ni neema tupu. Je, mume? Familia ina gari moja, nalo limekwenda hospitalini. Hana leseni ya jimbo lile. Atasema, "Mama watoto, na mimi nikitaka kushuka?" naye atajibiwa kwamba liko gari la moshi, na kwa kweli lipo, nalo ni moja la mwisho mjini humo kustahili jina hilo, kwani njia ya Belair haijatiwa umeme na mabehewa yake bado huendeshwa kwa dizeli. Lakini njia ile huteremka ikizunguka vilima kwa taratibu kuelekea mjini, na mtu atakaye kwenda hospitali ile ile ambayo mkewe huifikia kwa robo saa hana budi ashuke mpaka Goodwood, abadilishe, kisha arudi kusini kwa njia nyingine. Mabasi yapo, walakini hupungua jioni na siku za mapumziko, saa zile zile ambazo mtu asiye na gari huyahitaji. Mitaa mingi ya ndani haina njia ya waenda kwa miguu. Na penye njia, kuna mwinuko ambao kijana huupanda akipiga mluzi, lakini mama wa miaka sabini mwenye maumivu ya goti hataupanda akiwa amebeba mfuko wa viazi.

Mwalimu huyu, basi, ambaye jana alikuwa akiheshimiwa na mtaa mzima, na ambaye hakuweza kutoka nyumbani kwake bila ya kuamkiwa mara kumi, atajikuta katika nyumba nzuri iliyozungukwa na ndege, tangu saa mbili asubuhi hata saa tisa alasiri, bila ya kuona mtu. Majirani si watu wabaya. Wengi wao ni waungwana na watapunga mkono. Ila wanatoka kwa gari na kurudi kwa gari, na mlango wa banda la gari hufunguka na kujifunga wenyewe. Nimewasikia wanaume wa namna yake, walio katika miji mbalimbali ya ughaibuni, wakisema kwamba umaskini wa kwanza uliowapata huko ulikuwa wa kukosa mtu wa kumjibu salamu. Wahenga wa pwani walipotuusia tutazame jirani kabla ya nyumba hawakuwa wakisema juu ya wema wa jirani peke yake, bali juu ya kuonekana kwake.

Na hao jirani tunaowataka wako wapi? Jamii ya wasemao Kiswahili katika Adelaide ni ya watu wa namna nyingi, Wakenya na Watanzania waliokuja kwa masomo na kwa kazi, na Wakongo na Warundi ambao wengi wao walipitia kambi za wakimbizi za Kigoma kabla ya kupewa makao Australia. Na wengi wa hawa wamekaa upande wa kaskazini ya mji, Salisbury na mitaa iliyo jirani nayo, ambako nyumba zilikuwa rahisi na ambako duka la unga wa dona, mihogo na dagaa halihitaji kutafutwa. Kutoka Blackwood mpaka huko ni kuuvuka mji wote, kusini hata kaskazini, safari ya saa nzima ya gari magari yanapokuwa mengi. Mkiwa Waislamu, msikiti mkongwe uko katikati ya mji, katika mtaa wa Little Gilbert, uliojengwa mwaka 1888 na 1889 na wale waendesha ngamia walioitwa Waafghani, ingawa walitoka pia Baluchistani na Punjabu, na minara yake minne ikaongezwa mwaka 1903. Msikiti huo umewaona wahamiaji wakifika kwa vizazi vingi kabla ya sera ya Australia ya Weupe haijaondolewa kabisa mwaka 1973, na ungali umesimama. Lakini nao uko bondeni. Kila kilicho chetu kiko bondeni, na kila mwaliko wa arusi, kila matanga, kila darasa la Kiswahili la watoto siku ya Jumamosi, litaanza kwa kuuliza nani ataendesha gari. Na jambo linaloanza kwa swali hilo, baada ya miezi michache, huachwa.

Sasa nije kwenye miti yenyewe.

Mkaratusi sisi twaujua kwa kuni na kwa nguzo za umeme. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliuleta mwaka 1902 ili gari la moshi la Uganda lipate kuni, na sababu ya kuupenda ilikuwa kwamba hukua upesi na huwaka vyema. Sifa hiyo ya pili, ambayo kwetu ni faida, ndiyo iliyo hatari kwao. Majani ya mkaratusi yana mafuta. Magome yake, katika aina nyingi za vilimani, huning'inia vipande virefu vikavu, ambavyo upepo huvichukua vikiwaka na kuvitupa mbali sana mbele ya moto wenyewe. Na nyumba nyingi zinazoteketea huwa hazikufikiwa na ndimi za moto hata kidogo, bali ziliingiwa na cheche chini ya vigae, katika mfereji wa paa uliojaa majani makavu, ama katika dirisha lililoachwa wazi. Fauka ya hayo, moto hupanda mlima kwa kasi kuliko uendavyo uwandani: wajuzi wa zima moto wa Australia hukadiria kwamba kila mwinuko ukizidi nyuzi kumi, mwendo wa moto huongezeka maradufu. Nyumba iliyojengwa juu ya mteremko ili ipate kuiona bahari, basi, imewekwa mahali pale hasa ambapo moto ungependa kufika.

Tarehe 16 Februari 1983, siku ambayo Wakristo walikuwa wakiadhimisha Jumatano ya Majivu, baada ya ukame mrefu, upepo wa moto ulivuma kutoka jangwani ukakuta mioto katika majimbo mawili kwa wakati mmoja. Watu 75 walikufa, 28 kati yao katika Australia Kusini, na nyumba zaidi ya 2,000 ziliteketea katika majimbo hayo mawili. Mwandishi wa redio aitwaye Murray Nicoll alikuwa Greenhill, juu ya mji, akiwatangazia wasikilizaji habari za moto, na katika kutangaza kwake akawaambia kwamba nyumba anayoiona ikiungua ni yake mwenyewe, akaendelea kutangaza. Hata ile Marble Hill ya magavana haikusalimika, ila yenyewe iliungua mapema zaidi, tarehe 2 Januari 1955, gavana na watu wake wakinusurika kwa shida. Na kama jumba la mawe lenye watumishi na mabomba ya maji halikuweza kuokolewa, sembuse nyumba ya mbao ya kupanga.

Sisemi haya kumtisha mtu. Watu wa vilimani wameishi na moto kwa vizazi, nao wana elimu yake, na mgeni aweza kujifunza kama ajifunzavyo mtu wa bara kuogopa mkondo wa bahari. Msimu wa hatari huanza kwa kawaida mwezi wa Desemba na kwisha mwisho wa Aprili. Kila siku ya msimu hutangazwa daraja ya hatari, na daraja ya juu kabisa ni ile ya maangamizi. Siku hiyo shule zilizoandikwa kuwa katika maeneo ya hatari kubwa hufungwa, na kikosi cha zima moto cha mashambani, CFS, huwashauri watu waondoke asubuhi na mapema, kabla moshi haujaonekana, kwa sababu wengi wa wanaokufa ni wale wanaoondoka wakati umekwisha kupita. Kuondoka mapema! Ushauri ni wa hekima, lakini natuupime kwa nyumba yetu ya mfano: siku hiyo ya maangamizi ni siku ya kazi, mke ni muuguzi na hospitali haifungwi kwa sababu ya upepo, gari liko chini, shule imefungwa, na katika nyumba ya juu yumo mwalimu asiye na leseni, watoto wawili, na pengine mama mzee asiyejua neno la Kiingereza. Njia kuu za kutoka Blackwood ni chache, nazo hukutana katika mzunguko mmoja ambao hata katika asubuhi ya kawaida hufunga foleni. Maswali haya mwenye nyumba ya kupangisha hatawauliza. Atauliza kodi, ambayo huko hutajwa kwa wiki, na dhamana, na kama mna mbwa.

Juu ya mama mzee sitasema mengi. Viza ya mzazi ya kukaa daima ina gharama kubwa na foleni ya miaka mingi, basi atakuja kwa viza ya kutembea, naye atakaa miezi. Na asipokuwapo, mawasiliano yatapitia katika tundu la majira, kwani Adelaide imeitangulia Tanga kwa saa sita na nusu, na kiangazi kwa saa saba na nusu, hata bibi anapomaliza kuswali magharibi na kuketi barazani apate kuzungumza na wajukuu wake, wao wako katikati ya usiku. Hilo ni moja kwa wa mlimani na kwa wa bondeni.

Yuko mwingine ambaye sijamtaja ila kwa umri, naye ni yule msichana. Akiulizwa atachagua mlima, maana ameona picha za ndege wa rangi na msitu. Na baada ya mwaka, atakapokuwa na marafiki mjini na kutaka kwenda kwao siku za Jumamosi, atauchukia. Kibali cha kujifunza kuendesha gari hupatikana akitimiza miaka 16, na leseni ya majaribio akifika 17. Miaka minne ya kungojea ni mingi kwa mtoto wa umri ule, na wazazi wanaompeleka kila mahali kwa gari huwa mateka wa ratiba yake.

Rai yangu, basi, kwa familia iliyo katika hali hii, ni kwamba wasipande kwanza. Wakae chini ya mteremko, mathalan Mitcham au jirani na Bedford Park yenyewe, mahali ambapo hospitali na gari la moshi vimo katika mwendo wa miguu au wa basi moja, ambapo mwalimu aweza kufika mjini kushughulikia cheti chake bila ya kumwomba mkewe funguo, na ambapo vilima vinaonekana kila asubuhi bure. Wapande siku za mapumziko, na chakula katika kapu, waende Belair wakakae chini ya miti ya watu wengine. Mume apate leseni, gari la pili lipatikane, ndipo suala lifunguliwe upya. Wala hawapotezi fursa ya kununua, kwa kuwa tangu tarehe 1 Aprili 2025 serikali ya shirikisho imewazuia wenye viza za muda kununua nyumba zilizokwisha kujengwa, isipokuwa kwa masharti machache. Kwa miaka ile ya mwanzo watakuwa wapangaji tu, wapende wasipende.

Watakaoshikilia kupanda juu ya hayo yote, na najua watakuwapo, kwani mimi mwenyewe nikiyaona majani yale ya Aprili sina hakika kwamba ningeshika rai yangu, hao nawashauri jambo moja tu la mkataba: wasitie saini mwezi wa Machi au Aprili, wakati mvua ya kwanza inakaribia, miti imepambwa na kila dalali anawapitisha wateja katika mitaa ya Stirling kwa tabasamu, waingie Oktoba, ili Januari iwakute humo wakiwa wapangaji wa mwaka mmoja.